Nta Juani

Mgeni rasmi alichelewa saa nne, na kwa saa nne hizo bunduki ya binti yangu Editha ililala juani.

Mashindano ya klabu yetu ya shabaha yalipangwa kuanza saa mbili asubuhi, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje kidogo ya Mtinko. Lakini hakuna anayepiga risasi ya kwanza kabla mgeni rasmi hajakaa kitini. Basi bunduki zote sita zilipangwa juu ya meza ndefu, zikiwa tupu, ili akifika azikague. Turubai lilikuwa moja tu, nalo lilifungwa upande wa kiti chake. Sisi wengine tulisubiri kwenye upepo. Mwezi wa saba upepo wa huku ni wa baridi, ukikupiga unasahau kwamba jua linachoma. Mimi nilisahau.

Bunduki ya Editha ndiyo pekee iliyokuwa na kitu mbele ya mtutu, na kitu hicho kilikuwa kazi ya mikono yangu. Nimekereza vyuma mjini Singida kwa miaka thelathini na nane, na Kiingereza nilichokipata kwenye masomo ya jioni kinanitosha kusoma kitabu cha ufundi nikiwa na kamusi pembeni. Nilisoma kwamba mtutu wa bunduki ndogo ya shabaha hutetemeka risasi inapopita ndani yake, kama fimbo nyembamba uliyoishika upande mmoja ukaigonga. Risasi zenyewe hazilingani mwendo. Moja hutoka upesi, nyingine huchelewa kidogo, na kila moja huukuta mdomo wa mtutu umeelekea kwingine. Ukiweka uzito mbele ya mtutu na kuusogeza kidogo kidogo, utafika mahali ambapo mtetemo hauzitawanyi tena.

Nilitengeneza bomba fupi la kubana mdomo wa mtutu, na juu yake pete nzito ya chuma iliyozunguka kwa meno ya skrubu, kwenda mbele na kurudi nyuma. Pete ilitokeza mbele ya mtutu, kwa hiyo kila risasi ilipaswa kupita katikati ya tundu lake. Nilichora mistari arobaini kuizunguka. Kwa wiki mbili Editha alilala kifudifudi kila siku saa moja asubuhi, akapiga risasi tano kwa kila mstari, nami nikapima matundu kwenye karatasi. Kwenye mistari ya mwanzo matundu yalitapakaa karatasi nzima. Kwenye mstari wa ishirini na tatu, matundu yote matano yalifunikwa na kifungo cha shati langu. Nilikionyesha kifungo hicho kwa kila mtu aliyekubali kusimama.

Idrissa, msimamizi wa uwanja, alikikagua kifaa, akahakikisha hakizimi sauti, akakiandika kwenye daftari lake. Kisha akaniuliza ni nini kinachoizuia pete isizunguke yenyewe. Kitabu kilisema skrubu mbili ndogo za kubana. Nilimjibu kwamba skrubu zingeharibu meno, na kwamba sisi tuna kitu bora kuliko hicho: nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya alizeti. Baba yangu alikuwa mrina asali, aliziba kwa nta mizinga, vibuyu, hata mpini uliolegea. Asubuhi zile za baridi nta yangu ilishika kama gundi. Idrissa hakubisha. Nimemzidi miaka ishirini na mitano, na nilisema kama mtu asiyebishiwa.

Mgeni rasmi aliingia saa sita, akazungumza, akapita mezani, akapigiwa makofi. Emilian, bingwa wa mwaka uliopita, alichukua nafasi ya kulia kwa Editha, hatua mbili tu. Kabla ya kulala chini aligeuka.

"Mzee Chediel, shikamoo. Naona bunduki mmeshaivisha pete. Mahari ilikuwa ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Piga kwanza, utaalikwa baadaye."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Idrissa akasoma kanuni. Kila mpigaji ana risasi kumi. Nyuma ya mstari hakuna kuzungumza, isipokuwa neno moja, "Simama," ambalo mtu yeyote akiona hatari ana ruhusa kulitamka.

Nilisimama hatua tatu nyuma ya Editha na darubini yangu. Risasi tatu za kwanza ziliingia pamoja, kifungo kingezifunika. Ya nne ilipanda juu. Nilidhani amevuta pumzi vibaya. Ya tano ilikwenda kushoto, mbali. Nikatazama kitambaa kilichofungwa mtini kuonyesha upepo, kilikuwa kimelalia upande uleule. Nikashusha darubini, nikavaa miwani.

Chini ya pete palikuwa na tone la njano. Likadondoka kwenye mchanga, na jingine likaanza kujikusanya mahali pake.

Chuma kile cheusi kilikuwa kimeiva juani tangu asubuhi, na nta ilikuwa imegeuka mafuta. Kila mlio uliigeuza pete kidogo na kuisogeza mbele. Ilikuwa imeshatoka kwa upana wa kidole, ikining'inia kwenye meno ya mwisho, na kichwa chake kilianza kuinama. Nilijua kinachofuata kama ninavyojua jina langu. Tundu likikaa upande, risasi itagonga ukingo wa pete, na vipande vya risasi na chuma vitaruka kokote vinakotaka. Uso wa binti yangu ulikuwa umelazwa kwenye kitako cha bunduki, jicho wazi.

Neno lilifika kwenye ulimi wangu likakaa hapo. Nilimwona mgeni rasmi chini ya turubai. Nilimwona Idrissa na daftari lake, na swali aliloniuliza. Nikajiambia zimebaki risasi tano tu, meno yatashika.

Editha akapiga ya sita. Pete ikatikisika, ikatulia. Bado sikusema.

Ya saba ililia vibaya. Kulikuwa na mlio mkavu, na nyuma yake mluzi mfupi uliopita kulia.

"Simama!"

Sikuitambua sauti yangu. Vidole vyote vilitoka kwenye vifyatulio. Emilian alikuwa ameinua kichwa, ameshika shavu, na alipoondoa kiganja palikuwa na mstari mwembamba wa damu chini ya jicho, kama mkwaruzo wa mwiba. Alilitazama tone kwenye kidole chake.

Idrissa aliifungua bunduki, akahakikisha ni tupu, kisha akaigusa pete. Ilidondoka mkononi mwake bila kuzungushwa. Kwenye ukingo wa ndani palikuwa na alama mbili mpya za risasi zinazong'aa, moja nyembamba, moja pana. Editha alizipitisha kidole. Binti huyu hajawahi kunijibu vibaya.

"Baba, uliona lini?"

Ningeweza kusema nimeona sasa hivi. Wote walikuwa wanasubiri, na hakuna ambaye angejua.

"Baada ya risasi ya tano," nilisema. "Nilinyamaza risasi mbili."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Editha alimfunga Emilian kitambaa chake shavuni, akamwomba radhi, wakati mimi ndiye niliyestahili kuomba. Nilipomfikia Emilian na kuanza kusema, aliinua mkono. "Basi, Mzee," akasema, na safari hii hakuwa na utani.

Mgeni rasmi aliuliza kama mashindano yanaendelea. Idrissa alimruhusu Editha amalizie risasi tatu kwa mtutu mtupu, nafasi ya mwisho kushoto, peke yake. Akalala chini. Nilijua hapakuwa tena na kitu cha kuvunjika mbele yake. Nilijua hivyo kabisa, kama fundi. Lakini mlio wa kwanza ulinikuta nimefumba macho, na wa pili, na wa tatu, na hata Idrissa alipotangaza kwamba bunduki zote ni tupu, ilibidi Editha aje anishike mkono ndipo nikayafungua.