Ubatizo wa Mke wa Nduna

Njaa iliyofuata vita vya Maji Maji haikuuliza nani bwana, nani mtumwa. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala na mashamba. Mke wa nduna, mkuu mmoja wa Wangoni, mama aliyezoea kuamrisha kwa kidole, sasa alilala kibandani pale Ruhuwiko, Songea, amebaki mifupa, na wa kumwita alikuwa mmoja tu: Lidwina.

Lidwina alitekwa na Wangoni huko Umatengo angali mtoto, akamtumikia mama yule mpaka Wajerumani walipomnyonga nduna na kila mtu akashika njia yake. Yeye akaenda misheni, akabatizwa. Sasa alipoitwa, alikuja.

"Nibatize na mimi," mgonjwa alisema. "Nakufa."

Padre alikuwa mbali, mwendo wa kutwa. Tena alikwisha kuwafundisha kwamba mtu akiwa kufani, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Siku hiyo Lidwina alitamani asingelijua hilo. Alimchukia mama huyu kwa moyo wote. Na akimbatiza, si watakutana mbinguni? Milele! Ataacha kumtuma huko? Angekawia kidogo tu kisimani, mambo yangekwisha yenyewe.

Akachukua kibuyu, akaenda, akaketi kando ya kisima. Alikumbuka alivyomuuliza padre wokovu unalipiwa nini, akajibiwa Yesu amekwisha kulipa. Leo jibu lile lilimuudhi. Alitaka iwepo bei, tena kubwa, mama yule ashindwe. Lakini ingekuwepo, yeye mateka angeilipa kwa kitu gani? Akasimama, akachota, akarudi mbio.

"Maji tena?" mgonjwa alinong'ona. "Yale ya mganga yalimponza mume wangu."

"Haya hayazuii risasi, Mama. Yanakufanya mtoto wa Mungu."

"Nawe umenisamehe?"

"Bado," Lidwina alisema, machozi yakimtoka. "Lakini Yesu hakuningoja mimi."

Akammwagia maji kichwani. "Benigna, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Asubuhi alikwenda kumfumba macho, akayakuta yako wazi, yanamtazama.

"Nasikia njaa," Benigna alisema.

Lidwina alicheka, akashangaa kujisikia akicheka. Alikuwa amejiandaa kukutana naye mbinguni. Kumbe ilimpasa aanze kuishi naye hapa hapa Songea. Akashika jembe, akaenda porini kuchimba viazi mwitu vya watu wawili.