Kisahani cha Veronika

Kila Jumamosi, mvua isipomzuia, Athanas alifunga karakana yake ya kuchomelea pale Morogoro Mjini, akapanda pikipiki mpaka Mkuyuni, kisha akakwea kwa miguu hadi mteremko wa ukoo wa marehemu mke wake. Huko alikwenda kutafuta kitu ambacho mtu mzima huona haya hata kukitaja. Alikuwa anatafuta kisahani cha plastiki.

Mchezo wenyewe uliletwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya. Ni gofu, ila hakuna fimbo wala mpira. Unarusha kisahani kwa mkono, unakifuata, unakirusha tena, mpaka kitumbukie kwenye kikapu cha minyororo kilichosimama juu ya mlingoti. Vikapu hivyo Athanas ndiye aliyevichomelea, kwa ringi za baiskeli na minyororo ya kufungia mbwa, na akiwa anavijaribu akanogewa, akamwingiza na mke wake Veronika. Wakwe wakawapa mteremko uliokuwa umepumzishwa kilimo, wenye nyasi na migomba iliyojiotea. Watu wa Mkuyuni walicheka mpaka wakachoka. Mwalimu alipomaliza muda wake aliwaachia visahani vichache, na duka la kuuza vingine Morogoro nzima hulipati. Ndiyo maana kila mchezaji huandika jina na namba ya simu nyuma ya kisahani chake, ili atakayekiokota apige.

Cha Veronika kilikuwa cha njano. Aliandika jina lake kwa kalamu nene, na chini yake akaandika namba ya mume wake, kwa sababu simu yake yeye, alisema, ilizaliwa bila chaji. Basi tangu Veronika afariki Athanas hakuacha kupokea namba ngeni. Hata matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" aliwapokea roho ikimdunda, na wakishakata alibaki ameishika simu kwa muda.

Hakuwa mwendawazimu. Alijua plastiki haimrudishi mtu. Lakini mwandiko ule ulikuwa wa mkono wa Veronika, na kisahani kile ndicho kitu cha mwisho alichokishika akiwa mzima na mwenye nguvu zake. Tena kilipotea siku ambayo Athanas hapendi kuikumbuka.

Siku hiyo Veronika alikuwa na mimba kubwa, na Athanas alimtaka aache kurusha akae chini. Wakajibizana. "Hiki cha mwisho, halafu nakaa," Veronika akasema. Athanas akanuna, akampa mgongo, akajifanya anafuta tope kwenye visahani vyake. Akasikia tu vuu! Alipogeuka hakuona kitu. "Kimekwenda wapi?" akauliza. "Si ungeangalia," mke wake akamjibu. Mvua ikawafukuza kabla hawajatafuta vya kutosha. Haikupita wiki, kifafa cha mimba kikamchukua Veronika pamoja na mtoto, wakazikwa makaburi ya misheni.

Basi kazi ikawa hiyo. Athanas alisimama pale aliposimama mke wake, akarusha kisahani chake kwa nguvu zilezile, akakifuata aone kinakoangukia. Ni ujanja wa wachezaji wote, nao huwapotezea kisahani cha pili. Alirusha kwa mkono wa kulia, kama alivyomfundisha Veronika, na kisahani cha mkono wa kulia kikichoka hukata kushoto. Kwa hiyo alipekua upande wa kushoto. Alifyeka matete, akainua majani makavu ya migomba, akatia mkono kwenye mashimo ambayo mtu mwenye akili hatii mkono. Akapata kandambili, akapata kobe, na visahani vyake viwili akavipoteza.

Juu ya mteremko, mama mkwe wake, Bi Kristina, alikaa kizingitini akichambua iliki na kumtazama. Veronika alikuwa mtoto wake pekee. Jioni alimtengea mkwe wake ndizi za kuchemsha, naye akala barazani kwa adabu, kwa kuwa mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe.

"Umekipata, baba?"

"Bado, mama."

"Haya. Jumamosi, basi."

Maneno yalikuwa hayohayo siku zote, mpaka ilipofika Jumamosi ambayo Athanas alipanda akiwa amekata shauri kuwa ni ya mwisho. Dada zake walikuwa wamemsema sana. Mwanamume mzima kufukua majani ya ukoo wa watu, na mke hayupo, na mtoto hayupo, ana nini tena huko?

Alimkuta Bi Kristina barazani, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa ameteleza kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usihangaike, jirani yangu Mwaisha atanikanda akirudi sokoni."

"Umekunywa hata maji?"

"Sina kiu."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Athanas akainuka.

"Kaa, baba! Huko ni jikoni."

"Mama, leo unisamehe."

"Nimesema kaa, Athanas!"

Hakuwahi kumwita kwa jina. Athanas akadhani ni mambo ya heshima tu, akainama, akaingia. Kwanza hakuona kitu kwa moshi. Kisha akauona mtungi wa maji pembeni, na juu ya mtungi kifuniko cha njano.

Akakigeuza. VERONIKA. Na namba yake.

Alichota maji. Akakirudisha kifuniko mahali pake, akatoka na kikombe, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Bi Kristina hakunywa.

"Tangu lini?" Athanas akauliza.

"Wiki ile tuliyozika."

"Ulikiona wapi? Mimi nimefyeka kote kule."

"Upande wa kulia, kwenye iliki. Wewe ulimpa mgongo, mimi nilikuwa hapa namtazama. Alirusha kwa mkono wa kushoto."

"Veronika hakuwa wa shoto."

"Alikuwa wa shoto. Mimi ndiye niliyemchapa utotoni mpaka akala na kuandika kwa mkono wa kulia. Lakini akikasirika, akiwatupia mawe ngedere wa mahindi, mkono ulikuwa huohuo. Siku ile alikasirika."

Athanas akageuka kuutazama mteremko. Miaka yote ya ndoa, na hakulijua hilo. Angetazama tu mara moja siku ile, angelijua.

"Umeniangalia nahangaika, mama. Unaniuliza nimekipata, na wewe umefunikia maji!"

"Ungekipata, ungerudi huku kufanya nini?" Sauti ya Bi Kristina ilikatika. "Mwanangu hayupo. Mjukuu hayupo. Wewe si wa ukoo wetu. Nilisema moyoni, aendelee kutafuta kidogo."

Lilikuwa jambo la kweli, na kwa kuwa lilikuwa la kweli lilimuuma zaidi. Athanas hakumtukana. Aliokota panga lake, akaaga kwa sauti ndogo, akateremka. Kisahani hakukichukua. Alipofika Mkuyuni ndipo alipokumbuka, na hakuwa na nguvu ya kurudi.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata. Alichomelea madirisha mpaka macho yakamwasha. Dada zake wakafurahi, wakasema sasa amepona. Usiku alilala akiwaza mkono wa kushoto wa mke wake, akajaribu kuukumbuka ukifanya jambo lolote, akashindwa.

Masika yalipoanza, akiwa karakanani, simu ikaita. Namba ngeni. Akapokea.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamke mzee aliyeiweka simu mbali na mdomo. "Nimeokota kisahani. Kimeandikwa namba hii."

Athanas akazima mashine.

"Cha rangi gani?" akauliza.

"Cha njano. Kina jina la mtu."

Upande wa pili mvua ilisikika ikipiga bati.

"Mguu umepona, mama?"

"Nachechemea tu. Nimeweza kushuka. Simu hii ni ya Mwaisha." Akavuta pumzi. "Mtungi sasa nafunikia ungo, baba. Kisahani nimekirudisha kwenye iliki, palepale kilipoangukia. Nyasi zimeanza kuota. Njoo ukitafute."

"Nitakuja Jumamosi," Athanas akasema.

"Mvua je?"

"Nitakuja na mvua yake."

Akakaa chini kwenye rundo la nondo, simu bado sikioni, akalia kama ambavyo hakulia hata msibani, na upande wa pili Bi Kristina hakukata.