Sindano ya Sekreteri wa Rugenge

Katika shule ile ya Rugenge hakuna aliyemzidi sekreteri, Mama Laurette, kwa subira, na subira hiyo alifundishwa na kompyuta. Ilifika ofisini kwake kabla hajaota mvi hata moja. Sasa ilichukua karibu nusu saa kuamka, ikikoroma kama mtu mwenye pumu, na herufi e ilikuwa imekufa kabisa. Alipofika kwenye jina lenye e, ilimbidi aitafute katika neno lililoandikwa zamani, aichukue, arudi kuibandika. Jina moja kama Ngendakumana lilimla dakika nzima.

Ndipo alipoanza kuja kazini na sindano. Jenereta ikishanguruma, alibonyeza kitufe, akatoa shati la mumewe au gauni la mwanawe, akashona huku akingoja. Akakuta raha asiyoitarajia. Kompyuta haikumsikia, lakini uzi ulimsikia. Tundu aliloliona asubuhi, mchana hata yeye mwenyewe alilitafuta asilipate.

Prefe, yaani mkuu wa shule, Bwana Térence, hakupendezwa.

"Mama Laurette, hapa iko biro, ofisi ya shule, haiko atelye ya kushona."

"Bwana Prefe, niko nangojea mashine yako. Ikiamka tu, naacha."

Mwezi wa tano vita vikawaka tena kwenye bonde la Ruzizi. Watu wa kijiji cha Mutarule waliingia mjini Uvira, ilipo shule hiyo, kwa miguu, vichwani magodoro na sufuria, na miongoni mwao wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa sita waliobakiza wiki tatu tu wafanye mtihani wa Taifa. Shule iliwapokea. Wakubwa wa mtihani nao walikubali kuongeza majina yao, mradi orodha ifike kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Siku ya pili msichana mmoja alisimama kwenye mlango wa ofisi, amejifunga kitenge cha mama yake.

"Weye ni nani? Mbona hauko mu klasi?"

"Minye ni Inamahoro, wa Mutarule. Siko na iniforme, mama. Bila iniforme hawataniacha niingie mu egzamen."

Akafungua mfuko wa plastiki. Sketi ya bluu ilikuwa imechanika tangu pindo mpaka karibu na kiuno. Alikuwa amepita kwenye senyenge akikimbia risasi. Mama Laurette aliigeuza ndani nje, akapima kitambaa kwa vidole.

"Na wenzako?"

"Wote iko vile vile."

"Basi, leta zote."

Alizishona moja moja. Kiraka alikikata kwenye mfuko wa ndani, mahali pasipoonekana, na uzi aliuchomoa kwenye pindo la nguo hiyo hiyo ili rangi isimsaliti. Kompyuta nayo ikazidisha uzee. Ikawa inapata joto na kuzimika kila baada ya dakika kumi. Mama Laurette hakupiga kelele wala kuipiga makofi. Aliandika majina mawili, akahifadhi, akaizima mwenyewe kabla haijazimika, kisha akashona mpaka ipoe.

"Hautamaliza," alisema Prefe siku ya Jumatano.

"Nitamaliza."

Alhamisi saa tisa alasiri orodha ilitoka kwenye karatasi, majina yote, kila e mahali pake. Kwenye kiti zilikuwa zimekunjwa sare kumi na moja. Bwana Térence alisoma orodha yote, akaitia kwenye bahasha. Hakuondoka. Alivua koti lake taratibu, akamwonyesha kiwiko kilichotoboka.

"Na hii... inaweza kupona?"

"Inaweza. Lakini watoto kwanza, Bwana Prefe."

Asubuhi ya mtihani, Mama Laurette alisimama ng'ambo ya barabara pamoja na Arakaza, mama yake Inamahoro. Mlangoni kulikuwa na msimamizi mkali aliyekwisha kuwarudisha wanafunzi wengine wawili kwa sare mbovu. Alimtazama Inamahoro, akamgeuza nyuma, akainama kuangalia sketi.

"Hii ulishonesha wapi? Bukavu?"

"Hapana, papa. Sekreteri wetu ndiye aliitengeneza."

"Kutengeneza nini? Haina hata kiraka!" Akamwashiria apite.

Arakaza alimshika Mama Laurette mkono, akasema "urakoze", yaani asante, mara tatu. Wale kumi na mmoja waliingia wote. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akauliza, "Na weye mama, mtoto wako ni yupi?"

"Wangu ni kumi na mmoja," alijibu Mama Laurette, na hakuona haya kusema hivyo kwa sauti.

Matokeo yalipotoka, tisa walikuwa wamefaulu, Inamahoro akiongoza darasa zima, wenyeji na wageni. Wawili walioanguka walirudi kuanza mwaka upya. Jumapili iliyofuata, akitoka misa, Mama Laurette hakukata njia ya mkato ya kila siku. Alipita barabara kubwa ya Rugenge polepole, kichwa juu, akisalimiwa kwa jina kutoka kila kibaraza.