Kiingereza cha Melkiori

Mwalimu Melkiori alikuwa na Kiingereza kilichonyooka, na pale Mtinko hapakuwa na wa kumshinda. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba wajumbe wa mataifa, waliokuwa wakizunguka kukagua jinsi Mwingereza anavyotawala, watapita kijijini, wazee hawakuhangaika kutafuta msemaji. Mbuga yao ya malisho ilikwisha kuwekewa alama, apewe mzungu mmoja afugie ng'ombe wake. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alisema neno hilo limekwisha. Waliobaki wa kuliliwa walikuwa wageni hao tu.

Melkiori alifanya mazoezi kila jioni. Alimsimamisha mkewe Yustina ng'ambo ya zizi, akatamka polepole, mdomo wazi, macho mbele. Yustina hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini neno likimfikia zima aliitikia kwa kichwa. Likifika limevurugika alikuna sikio, na mumewe akarudia.

"Sasa hata mbuzi wataelewa," alimwambia siku moja, wakacheka.

Wageni wakafika wakiongozwa na Bwana Shauri, nguo zimejaa vumbi, mmoja Mmarekani, mmoja Mhindi, wengine wa nchi ambazo hata Melkiori hakuwahi kuzisikia. Kabla hajasimama, Alute, baba yake mkubwa aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, akamshika mkono.

"Mwanangu, usianze na kilio. Mgeni hapokelewi kwa mashtaka. Wasalimie, washukuru, wale kwanza. Shauri la mbuga tutalileta wakishakula."

"Baba mkubwa, hawa watu wana haraka."

"Haraka gani ya mtu aliyefika nyumbani kwa mtu? Unataka waseme tulilelewa porini?"

Angebishana naye vipi? Mkono ule ndio uliomlisha. Akasimama, akasalimu, na lo, alisema! Kila neno lilitoka safi kama mtama uliopepetwa. Akawashukuru kwa safari ndefu, akawauliza hali ya makwao, akasema Mtinko nzima imefurahi. Wageni wakaandika. Mwisho akawakaribisha chakula, akaketi, na maneno ya mbuga yakimngoja kooni.

Mkuu wa wageni akatazama saa, akainuka, akampa mkono.

"Umesema vizuri sana," alisema kwa Kiingereza. "Nimezunguka nchi nyingi, sijasikia lugha iliyo wazi hivi. Tumefurahi kukuta watu walioridhika."

"Bwana, bado kuna jambo," Melkiori alianza. Lakini Bwana Shauri alikwisha kufungua mlango wa gari; walikuwa wakingojewa Singida mjini. Kuku wa Yustina walikuwa bado jikoni.

"Wanakwenda wapi?" Alute akauliza. "Hawali?"

"Wameaga, Baba mkubwa."

"Na mbuga?"

Machozi yalimtoka Melkiori mbele ya watu, mwalimu mzima, wala hakuyafuta.

Hapo mzee akaelewa. Akalikimbilia lile gari kwa miguu yake mibovu, akipiga kelele kwa Kinyaturu, fimbo ikielekea mbugani: hayo ni malisho yetu, mkiyatoa ng'ombe watakufa, na sisi tutawafuata! Hakuna mtu wa Mtinko aliyepata kusema waziwazi kuliko Alute siku ile.

Wageni wakageuka, wakamwona katikati ya vumbi. Wakatabasamu, wakampungia mikono, na mmoja wao akavua kofia kumuaga.