Simu ya Mgeuko

Joto la siku ile lilikuwa la kumkosesha mtu adabu. Redio ya mkoa ilisema digrii arobaini na nne nyanda zote za Mallee, moto wa aina yoyote marufuku, na mgeuko wa upepo ungeingia kutoka magharibi alasiri. Elva Pietsch aliyasikia hayo akiwa na chai yake ya asubuhi, akazima redio, akaenda kufunga nyumba. Huku ndivyo watu wanavyoishi na joto. Jua halijapanda, unafunga kila dirisha na kushusha kila pazia, unakaa gizani kama mwizi mpaka upepo wa moto wa kaskazini ukatike na wa magharibi ulete ubaridi. Mgeuko ukifika ndipo unafungua. Ukiona nyumba imefungwa na mgeuko umeshapita, ujue mwenyewe hayupo, au ana jambo.

Alipomaliza akakaa jikoni, akaikodolea macho simu ya ukutani.

Zamani mgeuko ulikuwa na wapiga mbiu wake. Nyumba ya Mervyn Noske iko magharibi kuliko zote, kwa hiyo upepo ulimfikia yeye kwanza. Alimpigia Elva na mumewe Clarrie, nao wakawapigia akina Schilling, akina Schilling wakampigia mwenye duka, hivyo hivyo hadi mjini. Maneno yalikuwa yale yale miaka yote: "Umefika. Fungua nyumba." Kisha Clarrie akafa. Akina Schilling wakauza shamba kwa kampuni, na nyumba yao siku hizi wanalala kasuku. Duka nalo likafungwa. Mnyororo mzima ukabaki pingili mbili, mjane huku na mgane kule, na kati yao nusu saa ya barabara ya vumbi.

Na hizo mbili, Elva alizitenganisha kwa mdomo wake mwenyewe. Ilikuwa wiki ya Krismasi.

"Umefika, Elva. Fungua nyumba."

"Mervyn, redio imeniambia tangu asubuhi. Wewe huna kazi?"

"Kazi ninayo. Ndiyo hii."

"Basi mtafute mwingine umfanyie. Mimi nina masikio."

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Mchana ule ule mwanawe Elva alikuwa amepiga kutoka Perth kusema kwamba Krismasi hawaji tena. Hasira ilikuwa juu ya mwanawe, ikamwangukia jirani. Ulimi hauna mfupa, jamani. Tangu siku hiyo Mervyn hakupiga, na Elva hakupiga, kila mmoja na kiburi chake, wazee wazima na mvi zao.

Na mgeuko wa leo ulikuwa wa kwanza tangu hapo. Kwa hiyo pale jikoni Elva hakuwa anasubiri upepo. Upepo ungekuja tu, haununi. Alikuwa anasubiri simu. Ikilia, ana jirani. Isipolia, basi amebaki peke yake kweli kweli, na aliyejitakia ni yeye.

Mchana ukajikokota. Bati la paa lililia kwa joto. Nje, ndege walijipanga chini ya bomba linalovuja, midomo wazi. Alikula mkate kwa nyama baridi ya kondoo na kiazi sukari, akala wima, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia simanzi siku zote na leo hakuitaka.

Alasiri upepo wa kaskazini ukakata ghafla. Kukawa kimya hata saa ya ukutani ikasikika. Mkia wa kinu cha upepo cha kisimani ukayumba, ukazunguka, ukatazama upande mwingine. Wingu la vumbi likavuka uwanja, na nyuma yake ubaridi.

Simu haikulia.

Elva alifungua madirisha kwa vishindo, moja baada ya lingine. "Sawa, Mervyn," aliliambia dirisha la sebuleni. "Umeshinda." Aliumia, hilo hakulificha. Alikuwa amejiaminisha kwamba leo atapiga.

Alipofika dirisha la mwisho mkono ukasita. Mervyn huyu, siku alipomzika mkewe Joyce asubuhi, mgeuko ulipofika jioni yake alipiga. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alipiga, kwa sababu kina Pietsch walikuwa wamefunga nyumba na walipaswa kuambiwa. Mtu wa namna hiyo atanyamaza kwa sababu ya kununiwa?

Akapiga yeye. Simu ya Mervyn ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kisha akachukua ufunguo wa gari, kiburi akakiacha hapo hapo mezani.

Alipokata kona ya kwa Noske aliiona nyumba kabla hajafika. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa na mapazia yameshushwa. Ubaridi ulikuwa unapiga ukuta wa magharibi, na hapakuwa na mtu wa kuufungulia. Akakanyaga mafuta.

Ndani kulikuwa kama ndani ya tanuri la mikate. Feni ilikuwa imesimama. Umeme ulikatika upande ule tangu adhuhuri. Mervyn alikuwa sakafuni jikoni, na fulana yake, ngozi imekauka, macho nusu wazi. Kiti chake kilikuwa kimeanguka kando yake, chini ya simu. Alikuwa amekivuta pale akae.

Elva alipiga simu kuita gari la wagonjwa, akafungua dirisha, akalowesha mataulo, akamfunika shingo na kwapa, akaanza kumtia maji mdomoni kwa kijiko.

"Umefika?" Mervyn aliuliza baada ya muda.

"Umefika."

"Sijakupigia."

"Najua. Nyamaza, unywe."

"Nilikuwa nikupigie. Hata ukinitukana."

"Nilisema ujinga siku ile," Elva akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo juu ya kijiko. "Nilikuwa nimekaa kule kwangu nakusubiri, mjinga mimi, tangu asubuhi."

"Haya," Mervyn akasema. "Nimesikia."

Alipona. Lakini bintiye alikuja kutoka Melbourne, akaitazama nyumba, akatazama umri wa baba yake, akamchukua na kumpeleka kwenye makazi ya wazee hukohuko karibu naye. Elva hakuulizwa kitu. Angeulizwa kama nani? Jirani tu. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini fimbo ya karibu nayo haina sauti mbele ya watoto wa mtu.

Mwishoni mwa Februari redio ikasema tena: digrii arobaini na ushei, mgeuko alasiri. Elva alifunga nyumba yake asubuhi kama kawaida. Kisha mchana akaendesha gari hadi kwa Mervyn, akautoa ufunguo chini ya chungu cha maua, akakaa kwenye kile kiti chini ya simu. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu mwenyewe achukuliwe, inanuka vumbi. Upepo ulipogeuka akainuka, akafungua madirisha yote, ya magharibi kwanza. Akapiga Melbourne.

"Umefika, Mervyn. Nimekufungulia nyumba."

"Uko wapi?"

"Jikoni kwako."

"La bafuni linakwama. Lipige kwa chini na kiganja."

"Nimeshalipiga. Limenichubua, na wewe mwenyewe umekaa miaka hulitengenezi."

Mervyn akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Huku madirisha hayafunguki," akasema. "Vioo vimegandishwa moja kwa moja. Wanasema ni kwa usalama wetu."

"Utakufikia usiku. Redio imesema."

"Sitaujua, Elva. Hapa ni ubaridi ule ule wa mashine kutwa kucha." Kisha akauliza, "Na wewe, nani kakupigia?"

Elva alitazama dirisha la mashariki. Vumbi lilikuwa linakwenda zake kuelekea kwake, kwenye nyumba iliyofungwa. "Nani tena wa kunipigia?"

"Basi kata simu," Mervyn akasema. "Nenda nyumbani. Usikimbize gari."

Alipofika getini upepo ulikuwa umeshamtangulia, mkia wa kinu umegeuka. Alipanda ngazi za barazani taratibu, ufunguo mkononi. Ndani ya nyumba yenye giza simu ilikuwa inalia. Aliiacha ilie kidogo aisikie vizuri, kisha akaingia.