Kinamasi cha Watu Wawili

Effie Rideout hakuwa mtu wa makuu. Tangu alipostaafu kwenye kiwanda cha samaki, starehe zake zilikuwa chache, na hapa kijijini Skerry Arm sote tulizijua. Chai ya maziwa ya kopo mlangoni asubuhi, macho yakiwa kwenye mapande ya barafu yanayopita mbali baharini. Mikate ya kukaanga iliyomiminiwa asali ya miwa kila Jumamosi. Kufuma glovu za sufu huku redio ikinung'unika. Na zaidi ya yote hayo, kwenda kuchuma beri na Melvina Burridge.

Melvina, ambaye hakuna anayemwita jina jingine zaidi ya Vina, alikua naye nyumba kwa nyumba. Kila Agosti wanawake hao wawili walikuwa wakipanda kilima nyuma ya kanisa na kuteremkia upande wa pili, kwenye kinamasi walichokigundua wakiwa wasichana, siku walipotumwa kumtafuta kondoo aliyepotea. Beri za kinamasini si kama beri nyingine. Mche mmoja huzaa beri moja tu, kwanza nyekundu na ngumu, halafu inalainika na kugeuka rangi ya asali. Ukitaka kujaza ndoo, utainama kutwa nzima na nzi weusi wakikula shingo. Ndiyo maana mtu mwenye kinamasi kizuri hakitaji hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Selby, mumewe Effie, alishauliza mara nyingi beri zile zinatoka wapi.

"Zinatoka tulikozikuta," Effie alimjibu kila mara.

Lakini ukweli ni kwamba beri zilikuwa kisingizio. Utamu wenyewe ulikuwa mchana, walipowasha moto kando ya jiwe kubwa, wakachemsha birika, wakala mkate na soseji, na kukisengenya kijiji kizima, kaya kwa kaya. Vina ana kicheko kinachoanza kama kikohozi; ukikisikia hujui umpige mgongoni au ucheke naye. Effie angeambiwa achague kati ya chai ile na safari ya kwenda Ulaya, asingefikiri mara mbili.

Mwaka mmoja, barafu ilipoanza kuyeyuka, akaja Corinne Tessier. Alikuwa mjane kutoka Toronto. Aliinunua nyumba ya marehemu mzee Abbott, iliyo mkabala na kwa Vina, akaipaka rangi ya kiini cha yai. Alikuwa mcheshi, muulizaji, mtu wa kusalimia hata mbwa. Vina alimpelekea samaki siku ya kwanza, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Siku ya pili akampelekea mkate. Baada ya hapo ikawa haijulikani nani yuko kwa nani.

Effie aliwaona kwanza kwenye barabara ya ufukweni, wameshikana mikono kama wasichana wa shule.

"Kumbe miguu anayo!" alimwambia Selby, aliyekuwa akimenya viazi. "Mimi nikimwambia twende hadi posta tu, nyonga inamuuma."

"Labda barabara ya Corinne haina mlima."

"Barabara ni ile ile, Selby!"

"Basi una wivu, mke wangu."

"Wivu? Mimi? Nimwonee wivu mtu asiyejua hata kupasua samaki?"

Selby akaendelea kumenya viazi.

Wiki chache baadaye Effie alimkuta Corinne amekaa kwenye benchi nje ya duka, sindano za kufumia mkononi. Alikuwa akifuma glovu yenye madoadoa ya buluu na nyeupe. Effie aliijua nakshi ile kabla hajaifikia. Ilikuwa ya mama yake mzazi. Na Effie mwenyewe ndiye aliyemfundisha Vina, jikoni kwake, mwaka waliofungiwa ndani na theluji.

"Dada Effie, hebu tazama!" Corinne aliinua kazi yake juu. "Vina amenifundisha. Nimejitahidi?"

"Umejitahidi," Effie alisema. "Ila kidole gumba umekiweka kombo."

Hakikuwa kombo. Kilikuwa kimekaa vizuri kuliko vyake yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomfanya aondoke bila kununua sukari aliyoijia.

Mwishoni mwa Julai Vina alibisha hodi. Alisimama mlangoni akiegemea fremu, uso umechoka.

"Beri zitaiva karibuni," alisema. "Twende lini?"

Effie alikuwa ameingoja siku hiyo tangu majira ya kuchipua. Lakini kinyongo kikatangulia mdomoni.

"Magoti yangu yamechoka mwaka huu. Nenda na rafiki zako."

Vina alionekana kama ana neno jingine. Kisha akasema, "Haya," akageuka, akashuka ngazi polepole.

Effie alikaa akimsubiri arudi kumbembeleza. Alipika hata keki. Vina hakurudi, na keki wakaila na Selby hadi Selby akaomba apumzishwe.

Ikafika siku ya mauzo ya kanisa. Ukumbi ulinukia kahawa na vitumbua vya mdalasini, watoto wakikimbia chini ya meza. Corinne naye alikuwa na meza yake, na juu ya meza hiyo mitungi ya jemu imepangwa kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ya asali. Kwetu hapa watu huuza jemu ya kila namna, lakini beri nene namna ile, zilizobaki nzima ndani ya mtungi, zinatoka mahali pamoja tu, na Effie alipajua.

"Umechuma mwenyewe?" aliuliza, sauti yake ikimtoka kama ya mtu mwingine.

"Mimi na Vina! Pahala pazuri hivyo sijapata kuona. Usiniulize ni wapi, aliniapisha." Corinne alicheka. "Nimeng'atwa na nzi hadi masikio yamevimba."

"Mlikunywa chai?"

"Kando ya jiwe kubwa, ndiyo! Nilicheka hadi nikaimwaga yote. Vina ana maneno yule!"

Beri Effie angeweza kuzimeza. Chai ilimkaa kooni. Aliviacha vitumbua vyake kwenye sahani, akatoka nje, akasimama nyuma ya ukumbi kwenye mapipa ya taka. Walimsengenya nani kando ya jiwe lile? Au walimsengenya yeye?

Kesho yake asubuhi alitoa ndoo zote ghalani.

"Na magoti?" Selby aliuliza.

"Yamepona."

Aliendesha pikipiki ya magurudumu manne hadi njia ilipoishia, akamalizia kwa miguu. Kinamasi kilikuwa kimya. Zilizoiva zilikuwa zimekwisha kuchumwa, lakini zilibaki nyingi nyekundu, zikingoja wiki moja zaidi ya jua. Hizo wangezirudia. Effie alijua wangezirudia, kwa sababu hata yeye na Vina walikuwa wakirudi. Basi akapiga magoti kwenye maji baridi akaanza kuzing'oa. Zilikuwa ngumu kama shanga na zilikatika kwa mlio mdogo mkavu. Hakuacha hata moja nyuma yake. Hakuwasha moto, hakuchemsha maji. Alichuma kama mtu anayefuta maandishi ukutani, na kila ndoo iliyojaa ilimpa raha kali isiyodumu, naye akahamia nyingine.

Ukungu ulishuka kutoka baharini bila yeye kuuona. Alipoinua kichwa, kilima hakikuwepo tena. Na ndani ya ukungu huo akasikia kikohozi kinachogeuka kuwa kicheko.

Vina na Corinne walitokea karibu kabisa, wamekuja kuona kama zilizobaki zimeanza kuiva, Vina akitembea na fimbo. Kicheko kikakatika. Vina alizitazama ndoo, akainama kwa taabu, akachota beri kiganjani.

"Effie. Hizi mbichi."

"Naona."

"Hazifai kwa jemu. Hazifai kwa kitu chochote."

"Naona, Vina."

Corinne alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Labda mimi nika..."

"Kawashe moto, mwenzangu," Vina alimwambia, bila kuondoa macho kwa Effie. Corinne akachukua birika akaenda.

"Umemleta huku," Effie alisema. "Kwetu."

"Nilikuja kwako kwanza. Ukaniambia niende na rafiki zangu."

"Nilitaka ukatae!"

"Sasa ningejuaje? Umeninunia tangu theluji ilipoyeyuka, salamu zako za mkato. Wewe unadhani mimi nasoma mawazo?" Vina alipiga fimbo kwenye tope. "Septemba wananipasua nyonga. Daktari amesema huenda nisiweze kupanda huku tena. Nilitaka nipande mara ya mwisho na wewe. Ndilo nililokuja kukuambia siku ile. Ulitaka nifanye nini, nikae dirishani nikutazame ukinuna?"

Effie hakujua habari ya upasuaji. Kijiji hiki hata paka akizaa watu wanajua, na yeye, rafiki wa utotoni, hakujua.

Alibeba ndoo zake. Nyuma yake Corinne aliita, "Dada Effie! Chai tayari!" Hakugeuka. Aliifuata njia kwa kuipapasa kwa miguu, akafika nyumbani amelowa hadi kiunoni. Selby alichungulia ndani ya ndoo, asiseme neno, na kwa Selby hilo ni hotuba. Alizichemsha beri zile na sukari jioni nzima. Zilibaki kali na ngumu. Alizimwaga nyuma ya ghala, na hata shakwe walizipita.

Hawakusemezana tena hadi gari la binti yake Vina lilipokuja kumchukua kumpeleka hospitalini mjini St. John's. Effie alikuwa akichungulia nyuma ya pazia. Gari lilipowashwa, alitoka mbio na aproni yake, akagonga kioo, akapenyeza soksi mpya za sufu.

"Sakafu za hospitali zina baridi," alisema, akihema.

Vina alizishika, akazigeuza. "Asante." Halafu, gari likianza kuondoka: "Umwangalie Corinne. Jiko la kuni halijui."

Effie alisimama barabarani. Badala ya maneno yote aliyotamani kuambiwa, hayo ndiyo aliyopewa.

Hakwenda kumwangalia Corinne. Angalau si Septemba. Ila Oktoba, siku ya dhoruba ya kwanza, aliona moshi ukitoka kwenye nyumba ya kiini cha yai, si kwa bomba bali kwa madirisha. Alivuka barabara akilaani kila hatua. Ndani alimkuta Corinne akikohoa mbele ya jiko, uso mweusi kwa masizi. Effie alinyoosha mkono, akageuza kile kibati cha kwenye bomba la moshi, na jiko likavuta pumzi.

"Ulikuwa umelifunga koo, bibie."

Corinne alikaa sakafuni akaanza kulia. Effie alimwambia moshi huo ungeisha sasa hivi.

"Si moshi," Corinne alisema. "Vina hapokei simu zangu. Au anapokea anasema amechoka. Wewe anakupigia?"

"Mara moja moja." Ilikuwa kila Jumapili, lakini Effie alimhurumia.

"Nilijua." Corinne alijifuta, masizi yakasambaa zaidi. "Nitakuambia kitu, ukasirike ukitaka. Nilichoka na jina lako. Tukitembea, Effie angesema hivi. Tukifuma, Effie hufanya vile. Hata kule kinamasini, chai nzima alisimulia wewe ulivyotumbukia na buti za baba yako. Nilicheka hadi nikamwaga kikombe, na moyoni nilikuwa nimejaa wivu. Mimi sina mtu aliyenijua nikiwa na buti za baba yangu. Aliyenijua amekufa."

Effie alimtazama mwanamke yule mweusi kwa masizi, akahisi kitu kikimpanda kifuani, akadhani ni kilio. Kikatoka kicheko. Alicheka hadi akashika meza. Corinne alishangaa kwanza, halafu naye akaanza.

"Buti zilizama," Effie alisema alipoweza. "Alikuambia kwamba zilizama? Baba alinifukuza hadi gatini."

"Hakufika hapo."

"Ndiyo Vina huyo. Anakatisha penye utamu. Weka maji, nikumalizie."

Tangu siku hiyo Effie akawa anavuka barabara bila kulaani. Alimfundisha kupasua samaki, na Corinne akamfundisha kupika supu ya vitunguu ambayo Selby aliomba tena. Jumatano walikwenda pamoja kucheza karata ukumbini. Corinne alicheza ovyo kwa bahati ya ajabu, wakawa wanashinda. Nisidanganye kwamba kinyongo kilikwisha. Simu ya Vina ilipolia Jumapili, Effie bado aliisikiliza akiwa amefunga mlango.

Vina alirudi Novemba, na mkongojo mpya na nyonga mpya. Hakuwaambia siku. Alikuja mwenyewe kwa miguu, pole pole, akaingia jikoni kwa Effie bila hodi, kama alivyozoea maisha yake yote. Aliwakuta wawili wamepakaa unga hadi viwikoni, Corinne akimwigiza mchungaji anavyogawa karata, Effie ameinama juu ya meza hana pumzi kwa kicheko.

Vina aliwatazama, akautazama unga, akaitazama birika iliyokuwa ikichemka.

"Naona mmezoeana," alisema.

Alilisema kwa utulivu, akivua kofia yake. Lakini Effie aliijua sauti ile. Aliijua hadi kwenye mizizi yake. Alikuwa ameishi nayo moyoni mwake kiangazi kizima. Na, Mungu amsamehe, ilimwingia tamu kuliko asali ya miwa. Aliacha itulie ulimini kwa muda, huku akijipangusa unga mikononi taratibu, kidole kwa kidole.

Kisha akavuta kiti karibu na jiko.

"Kaa, shoga, usisimamie nyonga uliyolipiwa na serikali," alisema. "Corinne, msimulie tangu mwanzo. Hajasikia habari ya mchungaji."