Mrija wa Lubisi

Kokushubila aliuona mrija kabla ya kuiona damu kwenye chuchu ya ng'ombe. Ulikuwa wa mumewe, Ndyamukama, ule mwembamba wa kunyonyea lubisi, pombe ya ndizi, wanaume wakizunguka kibuyu. Sasa ulilala kwenye majani ya zizi, ukinuka pombe na maziwa.

Juma lililopita mwiba ulimchana ng'ombe huyo, Bihogo, chuchu moja, ikaziba. Bwana mifugo wa serikali ya Mwingereza alipanda hadi kijijini kwao Buganguzi, akachemsha kimrija cha chuma, akakipenyeza taratibu, maziwa yakatiririka. Akaonya kuwa chuchu ni mlango. Ukifunguliwa ovyo, uchafu hupita. Alipoondoka, Ndyamukama alicheka, akasema kazi yenyewe ni kuchemsha maji tu. Chuchu ilipoziba tena, hakumwita mtu.

Upande ule wa kiwele ulikuwa umevimba, mgumu, wa moto. Bihogo alitetemeka. Kutoka nyumbani kilisikika kilio cha Benigna, mjukuu wao. Mama yake, Felicitas, alifariki alipomzaa, na mtoto hakuwa na maziwa mengine ila ya ng'ombe huyu.

"Umemfanya nini, Baba Felicitas?"

"Nilimfungulia tu. Yalitoka vizuri."

"Kwa mrija wa lubisi?"

"Lubisi imemdhuru nani?"

"Wewe unalinywesha tumbo. Yeye umekinywesha kiwele chake."

Jirani alitumwa mbio kwa bwana mifugo, akarudi na maagizo: chuchu nzima zikamuliwe kwanza, mbovu mwisho, maziwa yake yamwagwe mbali, mikono ioshwe, mrija usiingizwe tena. Bwana mwenyewe angefika kesho. Upande ule huenda ukafa. Ugonjwa ukivuka, chuchu nzima nazo zingetoa damu na usaha, na ng'ombe naye huenda akafa.

Ndyamukama alichuchumaa, lakini alipoigusa tu chuchu, Bihogo akarusha teke. Kwao mwanamke hakamui. Kokushubila alinawa kwa maji ya moto, akamsogeza mumewe kwa bega, akaketi mahali pake.

Tone la chuchu ya kwanza alilipokea kiganjani. Jeupe. La pili, jeupe. Kwenye ya tatu alifumba macho, akaomba, akafumbua. Jeupe.

Aliyachemsha maziwa, akamnywesha mtoto, kisha akakaa akisikiliza pumzi yake.

Upande ule ulikufa. Bihogo alibaki na chuchu tatu, na Kokushubila ndiye anayemkamua. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, hunyoosha kiganja kwanza. Ndyamukama husimama nyuma yake, asithubutu kuuliza, mpaka amsikie mkewe akishusha pumzi.